Tulimsikiliza Mpaka Wapi?

Jioni ya tarehe 6 Agosti 2025 niliona tena kwenye simu yangu kipande cha video nilichokuwa nakifahamu vizuri. Siku hiyo alikuwa amefariki Job Ndugai, mbunge wa Kongwa na Spika wa zamani wa Bunge, na kwenye grupu la WhatsApp la vijana wa kwetu Chemba mtu mmoja aliona amuage kwa ile klipu yake ya mwisho wa 2021, ile anayosema kwamba kwa madeni haya iko siku nchi itapigwa mnada. Chini yake akaandika: "Mzee alituonya, tukamtosa." Zikafuata emoji za machozi, mikono iliyounganishwa, mishumaa.

Grupu letu ni la siku nyingi. Nikarudi nyuma kutafuta, nikapandisha meseji mpaka kidole kikachoka, nikaikuta. Desemba 2021, klipu ileile, imeletwa na mtu mwingine. Chini yake kuna emoji tatu za kucheka na maneno haya: "Mzee ameshiba ubwabwa wa Krismasi."

Aliyeandika hayo ni mimi.

Maneno yaleyale, sauti ileile. Mara ya kwanza tulimcheka, mara ya pili tulimlilia, na mara zote mbili hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kabla ya hapo alikuwa anazungumzia nini, wala alipomaliza sentensi ile aliendelea vipi. Usiku ule nilishindwa kulala mapema. Sikuwa na msiba mkubwa wa Ndugai, niseme ukweli. Nilikuwa na jambo langu jingine, la nyumbani, linalofanana na lile. Nitalifikia.

Nianze na lake. Mwisho wa Desemba 2021 Ndugai, akiwa bado Spika, alizungumza hapa Dodoma kwenye mkutano wa kikundi cha Wagogo. Miezi michache nyuma Serikali ilikuwa imepata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Wengi wetu tuliuona mkopo ule kwa sura ya madarasa, maana vyumba 15,000 vilijengwa nchi nzima kwa fedha hizo, na ukipita leo kwenye shule yoyote ya kata utaonyeshwa "haya ndiyo ya UVIKO." Ndugai akahoji kama ni bora kuendelea kukopa au kujibana tujenge wenyewe. Akataja deni la taifa la trilioni 70. Akasema habari ya mnada.

Klipu ikazunguka. Tarehe 3 Januari 2022 aliita waandishi wa habari, akamwomba radhi Rais Samia Suluhu Hassan na Watanzania, akalalamika pia kwamba maneno yake yalikatwa ili aonekane anapingana na Serikali. Kesho yake Rais, akiwa Ikulu, akamjibu hadharani na kuyahusisha maneno yale na joto la uchaguzi wa 2025. Tarehe 6 Januari Ndugai akajiuzulu uspika. Toka hotuba hadi barua ya kujiuzulu hazikutimia wiki mbili.

Sasa, kuna sehemu ya hotuba ile ambayo haikupata miguu. Ndugai hakuwa analaumu mikopo tu. Alikuwa anatetea tozo. Hoja yake ilikuwa kwamba tukubali kuchangia wenyewe, tozo zilipwe, ili tusiende kukopa. Kumbuka hali ya mwaka ule. Tozo za miamala ya simu zilianza Julai 2021 na nchi nzima ikanuna. Mama yangu, kila alipotaka kunitumia elfu ishirini ya matumizi chuoni, alikuwa anapiga kwanza kuuliza makato yamekuwa shilingi ngapi, halafu anatuma, halafu anapiga tena kuuliza imefika ngapi. Kama klipu ya siku zile ingekuwa ya Spika anatuambia tulipe tozo, mimi na wenzangu tungemrarua. Na wale waliomlilia mwaka 2025 kama nabii aliyetuonya kuhusu mikopo, sijui wangapi wanafahamu kwamba dawa aliyokuwa anaipendekeza ni ileile waliyoitukana.

Waliomchukia walikata pale palipowafaa. Waliompenda baadaye hawakuhangaika kuunga palipokatwa, kwa sababu kipande kile kiliwafaa na wao.

Kwa nini kilikuwa ni kipande kile hasa? Nadhani ni kwa sababu ya neno mnada, na watu wa huku kwetu tunalielewa neno hilo kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni siku. Ukimwambia mtu wa Chemba "kesho mnada," ameelewa: kesho kuna ng'ombe na mbuzi, kuna mitumba imemwagwa chini, kuna nyama choma, kuna vumbi, na kuna jamaa ambaye hujamwona tangu mavuno. Hiyo ni furaha. Namna ya pili ni kupigwa mnada, na hiyo haina nyama choma. Ni jirani aliyechukua mkopo wa haraka, ile inayoitwa kausha damu, akashindwa marejesho, na asubuhi moja wakaja watu na gari kuchukua kochi, redio na pikipiki. Watoto wanasimama mlangoni. Majirani wanajifanya wanafagia. Ndugai alikuwa anazungumza na watu wanaojua kilio hicho. Ukilitoa neno hilo kwenye hotuba na kulituma peke yake, halihitaji msaada, linatembea lenyewe.

Swali linalonisumbua ni hili: je, kipande kile kilikuwa uongo?

Hakuna aliyemwekea maneno mdomoni. Sauti ni yake. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inamkamata anayesambaza taarifa za uongo huku akijua ni za uongo. Lakini mtu aliyekata sekunde kadhaa za kweli utamshtaki kwa lipi? Kila neno lilisemwa. Ukimbana atakwambia mimi sikuongeza kitu, na atakuwa anasema kweli. Amepunguza tu.

Nilipokuwa mdogo nilisoma madrasa, na ustadhi wetu alikuwa mkali kwenye jambo moja kuliko hata kuchelewa: alama za kituo. Kuna mahali pa kupumua na mahali ambapo huruhusiwi kupumua. Alitufundisha kwa mfano ambao nadhani kila aliyepita madrasa anaujua. Kwenye sura ya 107 ya Kurani kuna aya ambayo msomaji akiishia hapo na kufunga msahafu, atakuwa ametangaza adhabu kwa watu wanaoswali. Ni aya inayofuata ndiyo inayoeleza kwamba wanaolaumiwa ni wale wanaoipuuza swala. Ustadhi alikuwa anauliza: "Huyu aliyeishia katikati, ameongeza herufi?" Tunajibu kwa pamoja: "Hapana!" "Amepunguza herufi kwenye aya aliyoisoma?" "Hapana!" "Basi kosa lake ni nini?" Tunakaa kimya. Tulijua kosa lipo, hatukujua liitwe nani. Alikuwa anatujibu mwenyewe, fimbo ikiwa begani: kosa lake ni kuondoka mapema.

Nimelibeba jibu hilo miaka mingi na bado sijaona bora kuliko hilo. Anayekata klipu hakosei kwa alichokisema. Anakosea kwa kuondoka mapema na kisha kutoa ushahidi kama mtu aliyekaa mpaka mwisho.

Lakini nisije nikajifanya mimi ndiye mtenda haki. Kuna mambo mawili yanayonikataza kumaliza makala hapa.

La kwanza: hotuba nzima haimsafishi Ndugai. Watu wengi wakisikia "maneno yake yalikatwa" wanadhani maana yake ni "hakusema." Alisema. Ukiirudisha sehemu ya tozo, sehemu ya mnada haifutiki. Inabaki palepale, kali vilevile, na bado ni kiongozi wa mhimili mmoja anayehoji hadharani uamuzi wa mhimili mwingine. Kama hilo ni kosa au ni kazi yake, ni mjadala halali. Kwa hiyo na hilo neno "wamenikata" tulitazame vizuri. Siku hizi kila kiongozi aliyeteleza ulimi anakimbilia hapo. Klipu inaweza kudanganya kwa kuacha. Utetezi wa "mnisikilize yote" nao unaweza kudanganya kwa kutuahidi kwamba huko kwingine kuna kitu kinachobadilisha maana, wakati hakipo. Njia ya kujua ni moja tu, na inachosha: kwenda kusikiliza yote.

La pili ni zito zaidi. Ndugai mwenyewe, alipokuwa na kiti, hakuwa mtu wa kusubiri aya iishe.

Desemba 2018 Profesa Mussa Assad, wakati huo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa, idhaa ya Kiswahili. Aliulizwa kwa nini ripoti zake zinaonyesha fedha zikipotea lakini hatua hazionekani. Akaeleza kwamba kazi yake ni kukagua na kutoa ripoti. Kama Bunge halichukui hatua, kwake yeye huo ni udhaifu wa Bunge. Mwanzoni mwa Januari 2019 Spika Ndugai akamtaka afike mbele ya Kamati ya Bunge ya Haki, Maadili na Madaraka tarehe 21, na akasema asipokuja mwenyewe ataletwa kwa pingu. Assad akaeleza kwamba neno udhaifu ni la kawaida katika kazi ya ukaguzi. Mkaguzi huliandika kila siku kwenye taarifa zake bila kumtukana mtu. Haikusaidia. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi.

Jibu la dakika nzima likawa neno moja. Swali la mwandishi, la kwa nini fedha zinapotea na hatua hazichukuliwi, likabaki New York.

Ndiyo maana Januari 2022 mitandaoni methali ilikuwa moja: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nami niliisema, nikaifurahia. Mtu aliyemhukumu mwenzake kwa neno moja, kahukumiwa kwa klipu moja. Kuna rafiki yangu tunayesoma naye hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, tunabishana naye kila tukishuka pamoja kutoka Chimwaga, ambaye mpaka leo anashikilia hapo. "Wenye vyeo wana vipaza sauti," ananiambia. "Wana waandishi, wana televisheni, wakikosewa wanaita mkutano kesho yake. Mimi nina bando la elfu moja. Klipu ndiyo jiwe langu pekee, halafu wewe unanishika mkono?"

Hoja yake ina uzito, na sitaki kuipita kwa haraka. Kuna wakati klipu fupi ndiyo iliyoonyesha askari anayepiga mtu au kigogo anayetukana raia, na tungesubiri hotuba nzima tusingepata kitu. Lakini nikiuangalia mfululizo huu wa Assad na Ndugai, naona jiwe lile halikai mkononi mwa mnyonge. Mwaka 2019 lilikuwa mkononi mwa Spika. Mwaka 2022 lilimwangukia Spika. Na katika mara zote mbili aliyeumia zaidi ni mtu ambaye hakuwepo kwenye ugomvi: yule aliyetaka kujua fedha zinapotelea wapi, na yule aliyetaka kujua tunakopa mpaka lini. Kwa siku zile kumi tulibishana kama Ndugai ana heshima, kama ana tamaa ya urais, kama ametubu kweli. Trilioni 70 ilikaa pembeni ikitutazama.

Sasa nifike nyumbani.

Julai 2024, baada ya mavuno, nilikuwa kijijini kwetu, upande wa Goima. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kwa miaka kumi. Siku hiyo aliitisha mkutano chini ya mkwaju kuhusu boma la darasa la shule ya msingi. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta tangu 2022 na hapo zikasimama. Nilisimama karibu na mama, nikarekodi. Sikuwa na nia mbaya. Narekodi kila kitu.

Video nzima ni dakika sita na sekunde kadhaa. Mjomba anaanza kwa kusema kwamba sekondari ya kata imepata vyumba viwili kwa fedha za mkopo, tunashukuru, lakini wa shule ya msingi hawakuwamo, na darasa la kwanza watoto wamezidi mia kwenye chumba kimoja. Anauliza tusubiri mkopo mwingine au tuezeke wenyewe. Anapendekeza kila kaya debe moja la mahindi au elfu kumi. Anasema kaya mbili za wajane ameshazilipia. Mtu anapaza sauti kutoka nyuma: "Serikali ina hela!" Wanacheka. Mwingine anaongeza: "Uchaguzi umefika, mwenyekiti anatafuta hela ya kampeni!" Wanacheka zaidi. Mjomba anakasirika. Anasema: "Asiyetaka kuchanga basi, mtoto wake akachunge mbuzi. Kuna watu wamezaliwa kuchunga."

Hayo ni maneno mabaya. Sitayatetea. Tangu 2016 elimu ya msingi haina ada, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Mwenyekiti kusema vile mbele ya watu wanaochunga mbuzi za wenzao kwa kibarua ni tusi.

Nilikata sekunde kumi na nne. Nikaziweka kwenye grupu la vijana wa Chemba, lile lile, na maneno: "Viongozi wetu hao." Nikijiuliza leo kwa nini, majibu ninayo na si mazuri. Ilikuwa inachekesha. Tena nilitaka wenzangu waone kwamba mimi, ingawa ni mpwa wa mwenyekiti, niko upande wa wanyonge. Nilipata vicheko vingi na "dada umeua" kadhaa.

Klipu ilitoka kwenye grupu letu ikaenda nyingine, ikarudi kijijini ndani ya siku tatu. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Jina la mjomba halikurudi hata kwenye wagombea wa chama chake. Inawezekana alistahili. Miaka kumi ni mingi, na mtu anayetukana watoto wa watu hana haja ya kuongoza. Hilo sililii. Ninachokilia ni kwamba baada ya klipu ile hakuna aliyeita tena mkutano wa boma. Nani angethubutu? Neno "mchango" likawa sawa na tusi. Watu walikuwa wanaulizana, "Wewe nawe umezaliwa kuchunga?" na kucheka. Swali lake la kusubiri au kuezeka wenyewe likafa siku ile, na mimi ndiye niliyelikata, kwa sababu lilikuwa kwenye dakika zile nilizoziacha.

Ni swali lilelile la Ndugai, ukiliangalia. Tukope au tujibane. Sidhani kama Ndugai alikuwa na jibu sahihi, wala mjomba. Sijui mimi mwenyewe ningejibu nini: nimesoma kwa mkopo wa elimu ya juu, na pale sekondari ya kata nimeona watoto wakikaa kwenye madawati mapya yaliyotokana na deni. Mkopo si dhambi. Lakini nina hakika lilikuwa swali la kweli, lililohitaji watu wazima wabishane mpaka jua lizame, na sisi tuliligeuza kichekesho kule Chemba na kesi ya heshima kule Dodoma.

Kwa hiyo nikiulizwa tunawadai haki gani watu ambao maneno yao hatuyapendi, jibu langu limebadilika. Zamani ningesema mtu asikilizwe yote kwa sababu anastahili. Sasa naona hiyo ni sababu dhaifu, maana siku zote tutapata mtu ambaye hastahili: aliyewanyima wengine haki hiyo, aliyetukana, aliyetubu kwa uoga. Ndugai alimnyima Assad. Mjomba aliwatukana wachungaji. Kama haki ya kusikilizwa ni tuzo ya wema, wote wawili waikose. Lakini ninaposikiliza mpaka mwisho simpi yeye zawadi. Najilinda mimi nisihukumu jambo ambalo sikulisikia, na ninawalinda wale nitakaowatumia, maana wao hawatapata hata ile nafasi niliyokuwa nayo mimi ya kusimama chini ya mkwaju.

Wala sisemi tusikate kabisa. Kila anayesimulia anakata. Mimi hapa nimeichukua hotuba ya Ndugai nikaifanya mistari michache, na mahojiano ya Assad mistari miwili. Kipimo ninachojaribu kukifuata ni kidogo tu, kinatosha kwenye kiganja: kabla sijabonyeza kutuma, naweza kusema mtu huyu alikuwa anajibu swali gani? Kama naweza, basi na swali hilo liende pamoja na jibu lake. Kama siwezi, niliondoka mapema, na sina ninachotuma zaidi ya kelele.

Wiki ile ya msiba wa Ndugai nilipanda basi kwenda nyumbani. Mjomba nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na baridi yako ya chuo?"

Nikakaa. Nikamwambia kwamba ile video ni mimi. Hakuacha kupukuchua. Akasema anajua, maana siku ile mwenye simu iliyonyooshwa alikuwa mmoja tu. Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia kitu. Akasema, "Ningekwambia nini? Nilisema, sikusema?"

Halafu akauliza: "Ile yote unayo?"

Nilikuwa nayo. Nikamwekea, tukaisikiliza pamoja kwenye kibao kimoja, dakika zote sita. Ilipofika kwenye mbuzi alikunja uso kama aliyeuma jiwe kwenye ugali. "Hapo nilikosea," akasema. "Pale mtu alistahili kunifokea." Video ikaisha. Akakaa kimya kidogo, akaokota punje zilizoruka. "Lakini niliuliza mwanzo pale. Tusubiri au tuezeke. Mbona hakuna aliyenijibu?"

Jioni nikaiweka video nzima kwenye grupu. Nikaandika kwamba aliyekata mwaka jana ni mimi, kwamba mjomba amekiri kosa lake, na kwamba mwanzoni kuna swali. Baada ya nusu saa likaja jibu la kwanza: "Ndefu sana dada, fupisha."

Sikufupisha. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu, nikiwa stendi nasubiri basi la kurudi Dodoma, mtu ambaye huwa hachangii kitu kwenye grupu, kijana wa darasa langu la msingi anayeendesha bodaboda, aliandika mstari mmoja: "Bati zinatakiwa ngapi?"

Nikampigia mjomba kumuuliza.